Uzi maalumu: Saa za mfukoni za zamani. Kabla hujaipeleka ya babu yako kwa sonara, pita hapa

Akrabu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Wiki iliyopita niliingia kwa sonara mmoja kutengeneza hereni ya mke wangu. Nikiwa nasubiri, nikaona chini ya meza bakuli la plastiki limejaa matumbo ya saa. Si za betri. Ni saa za mfukoni, zile za cheni, zimevuliwa makasha. Nikauliza. Akanieleza bila kificho kwamba watu huleta saa za babu zao, yeye hupima kasha kwenye mizani na kuliyeyusha, na mashine inayobaki hana kazi nayo. Akaniruhusu nichague. Nilitoka na mashine tatu kwa elfu kumi na tano. Moja ni Elgin ya Marekani, uso wake wa enameli mweupe pepe hauna hata ufa, akrabu zote, yaani mishale ya kuonyesha saa, zipo. Nilipoipuliza vumbi na kuigeuza mkononi, balansi, lile gurudumu linalocheza kwenda na kurudi, ilizunguka mara nne tano ndipo ikasimama. Mashine nzima kabisa, iliyokosa nyumba tu.

Roho iliniuma sana. Aliyeileta ile saa pengine alilipwa fedha ya gramu chache akaondoka akidhani kauza chuma kibovu. Ndiyo maana nafungua uzi huu. Nimehangaika na saa hizi miaka tisa sasa, nimefufua nyingi, nyingine nimeziua kwa mikono yangu mwenyewe, na nitaeleza zote.

Nianze na iliyoniingiza huku. Babu mzaa baba alikuwa gadi wa treni, makao yake Tabora. Alipofariki, saa yake ilikaa ndani ya kopo la majani ya chai kabatini kwa baba kwa zaidi ya miaka thelathini. Baba aliponikabidhi akasema, "Ilikufa kabla ya mwenyewe." Niliifungua mgongo kwa ukucha, nikakuta maandishi yaliyochongwa kwa mkato mzuri ajabu: Waltham, na chini yake "Traveler". Kuna namba ya mashine, milioni 20 na ushee. Kwa Waltham namba hizo ni za mwaka 1915 hivi.

Sasa hapa ndipo nilipozama. Mashine ni ya Massachusetts, Marekani. Lakini kasha la fedha lina mihuri ya Uingereza: simba anayetembea, maana yake ni fedha halali ya 925 kwa elfu, na nanga, ambayo ni alama ya ofisi ya upimaji ya Birmingham. Pembeni kuna herufi tatu, A.L.D. Hizo ni za Aaron Lufkin Dennison. Huyu bwana ndiye mmoja wa waanzilishi wa kiwanda kilichokuja kuwa Waltham, miaka ya 1850. Baadaye alihamia Birmingham akaanzisha kiwanda cha makasha, na kiwanda hicho kikawa kinavalisha saa zilezile za Waltham zilizoletwa kuuzwa Uingereza na makoloni yake. Kwa hiyo kwenye mfuko wa koti la babu yangu, katikati ya Tabora na Kigoma, kazi mbili za maisha ya mtu mmoja zilikuwa zimekutana tena. Babu hakujua hilo. Nililijua mimi, kwa sababu saa haikuyeyushwa.

Karibuni, ulizeni. Nitajibu kadiri niwezavyo.

Dada wa Voi

Kaka Akrabu, asante sana kwa uzi. Mimi nina ya marehemu mjomba. Ndani ya mfuniko kuna picha ndogo ya mwezi na maneno ya Kiingereza kwamba kasha limedhaminiwa miaka 20. Sonara hapa kaniambia ni dhahabu. Kweli?

Akrabu

Dada yangu, hilo neno la miaka ndilo linalokuambia kwamba si dhahabu tupu. Fikiria: dhahabu ya kweli nani ataiwekea dhamana ya miaka? Haina tabaka la kutoboka. Waliowekewa dhamana ni makasha ya shaba yaliyogandishwa juu yake tabaka la dhahabu, na miaka ilikuwa ahadi kwamba tabaka halitatoboka kabla ya hapo. Mwezi ni alama ya Dennison huyohuyo, daraja lake la miaka 20. Nyota ilikuwa miaka 10.

Chukua lenzi utazame palipo na msuguano, kwenye ukingo wa mfuniko na kwenye kipete cha kufungia cheni. Ukiona rangi inageuka kuwa ya shaba nyekundu kidogo, umepata jibu. Na wala usisikitike. Kasha la namna hiyo ndilo linalosalimika, maana sonara hapati kitu humo. Zilizoangamia nyingi ni zile za dhahabu tupu.

Naomba nisisitize jambo moja kwa wote: namba ya kuangalia mwaka ni ile iliyo kwenye mashine, siyo ya kwenye kasha. Makasha yalikuwa na namba za watengenezaji wake, hazihusiani kabisa. Nimeona watu wanabishana umri wa saa kwa kusoma namba ya mfuniko.

Kijana wa Msasani

Mkuu shikamoo. Yangu ni ya Uswisi, haina jina. Ilikuwa haitembei, nikaitia mafuta ya cherehani kupitia kila tundu nililoliona. Ilitembea siku mbili vizuri kabisa, sasa imesimama tena na kioo kimeingia utando ndani. Niongeze mafuta?

Akrabu

Marahaba. Usiongeze, tafadhali. Na usiijaze ufunguo tena mpaka isafishwe.

Nikueleze kilichotokea. Saa iliyokaa kabatini miaka thelathini haikosi mafuta. Ina mafuta yaliyogeuka gundi. Ulipotia mengine, yalilainisha gundi kwa siku mbili, saa ikafurahi. Kisha yakachanganyika na vumbi la miaka yote ile na kuwa tope la kusagia. Ncha ya ekseli ya balansi ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Tope likikaa pale, ncha inalika kama kisu kwenye jiwe la kunolea. Mafuta ya cherehani pia hutambaa, hayakai mahali. Yakifika kwenye springi ya unywele, ile nyembamba inayorudisha balansi, mizunguko yake inagandana, saa inaanza kukimbia dakika nyingi kwa siku, na watu wanadhani imekuwa na nguvu.

Kazi sahihi ni kufungua yote, kusafisha kila kipande, kukausha, ndipo utie mafuta ya saa. Na ukitia, kiasi chake ni kitone ambacho bila lenzi hukioni. Mimi natumia kisindano chenye ncha iliyopigwa bapa. Nikishagusa jiwe, yaani kipande cha rubi chenye tundu la ncha kuzungukia, nataka nione duara dogo la mafuta limebaki katikati ya kikombe cha jiwe, halijafika ukingoni. Likifika ukingoni nimeharibu, nafuta naanza upya. Mafuta mazito yanaenda kwenye magurudumu ya polepole yaliyo karibu na kamani, ile springi kubwa ya kutia nguvu, mepesi yanaenda kwenye balansi na gurudumu la kuachia. Ncha za ule uma wa kuachia, unaokamata na kuachia meno ya gurudumu hilo, hazitiwi kitu, zinatembea kavu. Ni zile nyuso mbili za mawe yake tu zinazopata kidogo.

Kuna jambo la kwanza kabla ya yote hayo: legeza kamani kabla hujagusa skrubu yoyote. Shika taji, kile kitufe cha kujazia, vizuri kati ya vidole, sukuma kile kikomeo kidogo kando ya gurudumu la kujazia, acha taji lizunguke taratibu ndani ya vidole vyako mpaka nguvu iishe. Ukitoa uma wa kuachia huku kamani imejaa, magurudumu yanafyatuka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na utasikia mlio mmoja mkali. Huo ndio mlio wa meno yanayokatika.

Mtu wa Muscat

Assalaam alaykum jamaa wa bara na pwani. Huku sokoni Mutrah naona saa za mfukoni nyingi zenye treni imechongwa mgongoni. Wauzaji wanasema ni saa rasmi za reli za Marekani. Bei juu sana. Ndugu Akrabu unasemaje?

Akrabu

Wa alaykum salaam ndugu yangu.

Treni mgongoni haithibitishi chochote. Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na saa nyingi nafuu zilizochongwa treni kwa sababu watu walivutiwa na sifa ya saa za reli, na mpaka leo zinaunganishwa mpya zenye picha hizohizo. Saa ya reli ya kweli mara nyingi mgongo wake ni mtupu kabisa. Fungua ndani.

Aprili 1891, pale Kipton, jimbo la Ohio, treni ya barua na treni ya abiria ziligongana uso kwa uso. Inasimuliwa kwamba saa ya mmoja wa wafanyakazi wa treni ilisimama dakika 4 kisha ikaendelea kutembea bila yeye kujua. Baada ya hapo sonara mmoja wa Cleveland, Webb C. Ball, akapewa kazi ya kukagua saa zote za njia ile, na masharti yake yakaenea kwenye reli nyingine. Saa iwe na uso wazi bila mfuniko wa mbele. Ukubwa wa 16 au 18 kwa vipimo vya Kimarekani. Vito visipungue 17. Irekebishwe kwa mikao 5, yaani uso juu, uso chini, na kusimama kwa pande tatu. Isipoteze wala kuzidisha zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Tarakimu nyeusi nene kwenye uso mweupe.

Na sharti ninalolipenda kuliko yote: akrabu zisiweze kusogezwa kwa kuvuta taji. Lazima ufungue kioo, uvute kikono kidogo cha chuma kilichojificha ukingoni mwa uso, ndipo taji lishike akrabu. Hivyo gadi hawezi kubadilisha saa kwa bahati mbaya anapoichomoa mfukoni. Nina Hamilton 992 yenye kikono hicho. Ukikuta saa ya namna hii tafadhali usilazimishe taji. Nimenunua saa mbili ambazo wenye nazo walivuta taji mpaka likang'oka, wakidhani imekwama.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Muscat, mwambie muuzaji afungue mgongo. Kama ndani hakuna idadi ya vito, hakuna neno la marekebisho ya mikao wala jina la kiwanda kinachojulikana, lipa bei ya pambo.

Ngamia Kongwe

Naona vito vinatajwa tajwa. Vito vya nini ndani ya saa? Ni vya thamani?

Akrabu

Swali zuri mkuu. Ni rubi, na kazi yake ni kupunguza msuguano. Chuma kigumu kilichong'arishwa kikizunguka ndani ya tundu la rubi hakiliki upesi kama ndani ya shaba. Hataza ya kutoboa mawe kwa ajili ya saa ilitolewa London mwaka 1704. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 rubi za kutengenezwa kiwandani zikapatikana kwa bei ndogo, kwa hiyo hapana, usizing'oe ukauze. Hupati hata nauli.

Lakini hesabu yake ni tamu. Saa ya babu ina vito 7. Viwili ni matundu ya ekseli ya balansi, viwili ni vifuniko vya matundu hayo, viwili ni mawe ya uma wa kuachia, na kimoja ni kile kinachosukumwa na uma kwenye balansi yenyewe. Ukifika 15, umeongeza viwili vya ekseli ya uma na jozi tatu za magurudumu yanayofuata. Ukifika 17, gurudumu la katikati nalo limepata jozi yake. Basi mtu akikuambia saa ina vito 7 ujue kiwanda kiliweka rubi pale tu penye mwendo mkali zaidi, kwingine kote ni tundu la shaba. Na bado ya babu inatembea, miaka 100 na zaidi.

Mzee wa Gerezani

Wanangu, hamjambo. Mimi nimefanya kazi ya saa tangu nikiwa kijana, nilifundishwa na fundi wa Kihindi katikati ya mji, mungu amrehemu. Nafurahi kuona vijana mnapenda kazi hii. Mwanangu Akrabu, umesema utaeleza ulizoziua. Eleza, maana mtu hujifunza zaidi hapo. Halafu nitaongeza neno.

Akrabu

Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi mno kukuona humu.

Ni saa ileile ya babu, mzee. Mwaka wa kwanza. Niliifungua yote vizuri, nikapanga vipande kwenye trei ya barafu iliyotandikwa kitambaa cheupe, kila kipande kwenye kichumba chake kwa mpangilio nilivyokitoa. Nikasoma kwamba spiriti husafisha. Nikachukua kikombe kidogo cha kahawa, kile kisicho na mkono, nikamimina spiriti, nikatumbukiza ule uma wa kuachia, nikaenda kulala.

Asubuhi nikainua uma kwa kibano nikaona upande mmoja una jiwe na upande wa pili mtupu. Nikadhani limeruka. Nikapiga magoti sakafuni na tochi nusu saa nzima. Kisha nikarudi kuangalia kikombe. Chini kabisa, kwenye weupe wa kauri, palikuwa na punje nyekundu, ndogo kuliko punje ya mchanga wa ufukweni, lakini imekatwa pembe kali kama tofali. Jiwe lilikuwa limelala pale. Nilipolitazama lile la pili nalo lilikuwa linacheza kama jino bovu.

Kosa langu ni kwamba mawe yale hayakushikwa kwa skrubu wala kwa kubanwa. Yameshikwa kwa lakiri. Ile ile iliyofungia bahasha za serikali zamani, lakini safi, isiyotiwa rangi. Na spiriti huyeyusha lakiri. Kile kito cha kwenye balansi nacho kimeshikwa hivyohivyo. Kwa hiyo uma na balansi husafishwa kwa petroli nyepesi, kama ile ya kujazia viberiti, dakika chache tu, mbali na moto, dirisha likiwa wazi.

Nilimpelekea fundi mmoja mzee. Alinitazama tu, akatoa kibamba cha shaba chenye mpini, akaweka uma juu yake kichwa chini, akachezesha kibamba juu ya taa ya spiriti huku amebana pumzi. Akavuta uzi wa lakiri mwembamba kama utando wa buibui, akakata kijipande, akakigusisha nyuma ya jiwe. Kikatiririka na kuenea kimyakimya. Kisha alitumia karibu saa nzima kusogeza jiwe ndani na nje kwa upana ambao mimi sikuuona hata kwa lenzi, mpaka meno ya gurudumu yakawa yanakamatwa na kuachiwa kama inavyotakiwa. Akanitoza elfu tano. Nilimwongeza, akakataa.

Mzee wa Gerezani

Vizuri, mwanangu. Hilo limetupata wengi.

Neno langu ni hili. Zile saa ambazo tarakimu zake zilikuwa zinawaka gizani, za vita na za baada ya vita, msizichezee. Rangi ile ilikuwa na rediamu, madini yenye mionzi. Hata kama haiwaki tena, ni ule unga wa kuwaka uliochoka. Rediamu yenyewe haichoki upesi, inachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Ukikwangua uso, ukipuliza vumbi lake, unaliingiza kifuani na haliondoki mifupani. Kule Marekani wasichana waliopaka rangi hiyo viwandani walikuwa wakichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Taya zilioza. Wengine walifariki, na watano waliishtaki kampuni miaka ya 1920.

Zamani sisi hatukuambiwa kitu. Tulipuliza. Kwa hiyo nasema kwa moyo: saa ya rangi ya kahawia iliyovimba kwenye tarakimu, iache imefungwa. Isiwekwe chumba cha kulala, isipewe mtoto.

Akrabu

Ahsante sana mzee. Wadau, someni hilo mara mbili. Nami nina moja ya jeshi la Uingereza, ina alama ya mshale mpana mgongoni, uso mweusi wenye rangi hiyo. Ipo ndani ya kopo la kioo lenye mfuniko, kwenye stoo. Sijaifungua na sitaifungua.

Kijana wa Msasani

Mkuu, ya kwangu nimeipeleka kusafishwa kama ulivyosema. Fundi kasema springi ya unywele ina kutu kidogo. Kuna tumaini?

Akrabu

Kutu kwenye springi ya unywele ni habari mbaya mdogo wangu, sitakuficha. Kadoa kamoja tu kanapunguza unene wa chuma pale, na saa haiwezi tena kuwa na mwendo mmoja. Inaweza kutembea, lakini isikupangie safari. Tafuta mashine mfu ya aina hiyohiyo utoe balansi nzima pamoja na springi yake, usitenganishe.

Hapa ndipo ninapozipenda za Kimarekani kwa kuanzia. Waltham ndio waliosukuma mbele wazo la kutengeneza kila kipande kwa mashine ili cha saa moja kiingie kwenye nyingine. Mwaka 1876 kulikuwa na maonyesho makubwa Philadelphia. Mhandisi wa Longines ya Uswisi, Jacques David, alitumwa akaone, naye akarudi na ripoti ya kuwashtua wenzake, kwamba tusipobadilika tumekwisha. Sisi wa leo tunafaidi matunda ya jambo hilo. Elgin walitengeneza saa karibu milioni 60 kabla ya kufunga, kwa hiyo mashine mfu za kutolea vipande bado zipo. Saa ya Uswisi isiyo na jina, ya fundi wa kijijini, kipande chake kikivunjika unatengeneza kipya kwa mkono au unaiacha.

Na kwa sisi wa pwani: chumvi ya hewa haina huruma. Zangu zinakaa ndani ya chombo cha plastiki kinachobana, na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Navikausha juani kila mwezi. Tangu nianze hivyo sijaona kutu mpya. Usiweke saa kwenye kabati la mbao la ukutani Tanga au Mombasa, hata likiwa zuri kiasi gani.

Dada wa Voi

Kaka, nimetoka kuifungua ya mjomba mbele ya fundi hapa kwetu. Ni Waltham nayo, kubwa nzito, fundi kasema ukubwa wa 18. Kamani ilikuwa imekatika, akatia nyingine. Lakini bado. Ukijaza inajaa, uma haupati nguvu kabisa, balansi imelala. Amenishauri niiache, anasema gurudumu la katikati limekufa. Kuna maandishi "Safety Pinion" juu ya bamba. Nimechoka, nusura niirudishe kwa sonara.

Akrabu

Dada, usiirudishe. Hayo maandishi mawili ndiyo jibu, na nakuomba umsomee fundi ujumbe huu.

Kamani ya chuma cha zamani ilikuwa na tabia ya kukatika ghafla. Ikikatika, pipa lake, yaani kile kikopo inamokaa, linarudi nyuma kwa nguvu kubwa na kuvunja meno ya magurudumu. Waltham wakaweka kinga: pinioni, yaani kigurudumu kidogo cha meno kwenye ekseli ya gurudumu la katikati, imefungwa kwa uzi kama nati. Pipa likirudi nyuma, pinioni inajifungua yenyewe na kuupoteza ule mshtuko, meno yanabaki salama. Ya mjomba wako ilifanya kazi yake siku kamani ilipokatika, kisha ikabaki hivyo, labda imepanda juu ikakwama kwenye bamba kwa sababu ya mafuta makavu.

Fundi alegeze kamani, atoe gurudumu la katikati, aloweke kwenye petroli nyepesi, aone kama pinioni inazunguka juu ya ekseli yake. Ikizunguka, airudishe mpaka ikae, kwa mkono mwepesi. Asitumie koleo. Gurudumu lenyewe nina hakika ni zima.

Mzee wa Gerezani

Kweli kabisa. Nami nimewahi kuona fundi anaagiza gurudumu jipya kwa jambo hilo. Binti yangu, mpe fundi wako pole na mwambie Mzee wa Gerezani amesema asifadhaike, jambo hilo haliandikwi sana siku hizi.

Mtu wa Muscat

Tunasubiri matokeo dada. Mimi nimemfungulisha muuzaji mgongo wa ile ya treni. Ndani hakuna jina wala vito. Nimerudisha pesa mfukoni.

Dada wa Voi

Jamani. Imeanza kutembea.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Fundi alitoa gurudumu, tukaliloweka, akashika pinioni kwa kibano cha mti, ikazunguka! Akanitazama. Hakusema neno. Akairudisha mpaka ikagota, akaunga yote, akatia mafuta kidogo kidogo. Alipojaza mizunguko mitatu tu balansi ikaamka yenyewe, hata hajaigusa.

Nimeifikisha nyumbani nikaiweka mezani mbele ya mama. Mjomba alikuwa kaka yake. Mama haoni vizuri tena, akaichukua akaiweka sikioni. Akakaa nayo muda mrefu. Kisha akasema, "Alikuwa ananiweka kifuani nikilia, nikawa nasikia hii." Sikujua hata kidogo kwamba anaikumbuka.

Mzee wa Gerezani, salamu zako zimefika. Kaka Akrabu, Mungu akubariki. Tangu jana saa nne usiku mpaka leo saa nne usiku imechelewa dakika mbili. Ni kawaida?

Akrabu

Dada yangu, nimesoma mara tatu. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Dakika mbili kwa siku ya kwanza si tatizo, mafuta bado yanakaa mahali pake. Usiguse kirekebishi sasa. Iache siku tatu, uijaze asubuhi saa ileile kila siku, mpaka mwisho wake bila kulazimisha. Usiku mmoja ilaze uso juu, usiku wa pili itundike kwa kipete chake kwenye msumari, uandike inachelewa kiasi gani kila mkao. Ikichelewa zaidi inapotundikwa, rudi hapa na hizo namba, tutaanzia kwenye usawa wa uzito wa balansi.